Barua ya wazi kwa wenye viwango: lebo za leza mnamwandikia nani?

Kwa wakuu wa mashirika ya viwango, wasimamizi wa usalama wa bidhaa, maofisa mnaokagua mizigo inayoingia, na ninyi wenye viwanda mnaobandika lebo.

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni ufundi wa printa, skana na mashine za leza. Lebo zenu nazisoma kuliko watu wengi, zikiwemo zile za ndani ambazo mnunuzi hatazitia machoni hata siku moja. Nawaandikia kwa sababu nimechoka kusikia watu wakizicheka, na kinachonichosha zaidi ni kwamba mara nyingi wana haki ya kucheka.

Chukueni printa ya leza ya kawaida. Nyuma yake, jirani na namba ya mashine, imeandikwa kwamba hii ni bidhaa ya leza ya Daraja la 1. Kwenye vicheza diski maneno hayo yalikuwa yakirudiwa kwa lugha mbili tatu, Kiswidi na Kifini zikiwemo, kana kwamba kuna jambo zito ambalo kila taifa lilipaswa kuarifiwa. Mwenye printa akiniuliza afanye nini kuhusu lebo hiyo, jibu la kweli ni kwamba asifanye lolote. Kwa mujibu wa IEC 60825-1, kiwango cha usalama wa leza cha tume ya kimataifa ya ufundi umeme, Daraja la 1 ni kifaa ambacho mwanga unaotoka nje yake haumdhuru mtu katika matumizi ya kawaida, hata akiutazama kwa muda mrefu. Lebo inamwambia kwamba hapa hapana hatari, ila inamwambia kwa herufi kubwa na kwa jina linalotisha.

Simo katika wale wanaosema lebo hiyo ni upuuzi mtupu. Ndani ya printa hiyo kuna leza ambayo ikitolewa kwenye kasha lake, mara nyingi ni ya Daraja la 3B, la pili kutoka juu kwa hatari: mwale wa nanomita 780 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, unaoamua rangi yake), wenye miliwati kadhaa, ambao jicho haliuoni au linauona kwa shida sana. Hilo Daraja la 1 ni la kasha. Kasha likifunguliwa na sensa ya mlango ikadanganywa, daraja nalo limekwenda. Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote ambalo lebo ingeweza kusema, nalo linasemwa ndani, juu ya kifuniko cha kitengo cha leza, kwenye stika ya manjano inayosema kuna mionzi isiyoonekana sehemu hii ikifunguliwa, jiepushe na mwale. Stika hiyo naiheshimu. Aliyeiandika alimjua msomaji wake: mtu mwenye bisibisi mkononi, aliyekwisha kutoa skrubu kadhaa na sasa yuko sentimita chache kutoka kwenye chanzo. Imewekwa mahali pake, inataja hatari, inasema cha kufanya, basi.

Lebo ya nje haina msomaji. Kiwango chenyewe kinaruhusu maelezo ya Daraja la 1 yawekwe kwenye mwongozo wa matumizi badala ya kubandikwa kwenye bidhaa, na bado yanabandikwa, kwa sababu stika ni rahisi kuliko kufikiri na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuonya kupita kiasi. Nadhani hapo ndipo mlipopotea njia. Lebo imeacha kuwa maneno kwa mtumiaji ikawa risiti ya mwanasheria, ushahidi wa kutunzwa ili siku ya kesi ionyeshwe kwamba tulisema.

Kuna mfano ninaopenda kuwakumbusha. Kuanzia mwaka 1993 kiwango hicho hicho cha leza kiliziweka taa za LED katika kapu moja na leza. Matokeo yake, kipanya cha kompyuta chenye kataa kadogo kekundu kalikomulika meza kilibandikwa chini yake tangazo kwamba ni bidhaa ya LED ya Daraja la 1, kwa kufuata kiwango cha usalama wa leza. Ilipofika toleo la mwaka 2007 mliziondoa LED humo, zikapelekwa kwenye kiwango chao cha taa, IEC 62471. Mlifanya vizuri, na kwa hilo nawapa pongezi bila kejeli. Lakini miaka yote hiyo mamilioni ya watu walifundishwa na stika zenu kwamba neno leza chini ya kifaa ni pambo. Somo hilo hawajalisahau.

Nje ya leza hali ni ile ile. Wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 65 mwaka 1986 ili watu waonywe juu ya kemikali zinazosababisha saratani au kudhuru uzazi. Nia ilikuwa njema. Orodha ikakua hadi kupita kemikali 900, na wafanyabiashara, badala ya kupima bidhaa zao, wakaona ni salama zaidi kuweka onyo kila mahali: kwenye majengo, kwenye maegesho ya magari, kwenye vifaa ambavyo hakuna aliyewahi kuvila. Mwaka 2018 hakimu akaamua kwamba hata kahawa ibebe onyo la saratani, ingawa miaka miwili nyuma shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa limeiondoa kahawa kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa. Mwaka 2019 mamlaka za jimbo hilo zililazimika kutunga kanuni mpya ya kuisamehe kahawa. Onyo lililowekwa kila mahali halimwambii mtu aepuke kipi. Wahenga walishasema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala, na hamna budi kukiri kwamba mmetengeneza milango mingi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanikera kuliko vibandiko vya kahawa. Leza, kinyume na vitu vingi vinavyobandikwa maonyo, inaumiza kweli.

Jicho limeumbwa kukusanya mwanga. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, pamoja na lenzi huuchukua mwale mwembamba na kuufinya hadi nukta kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, yenye upana wa maikromita 10 hadi 20, na katika safari hiyo fupi ukali wa mwanga huongezeka kama mara 100,000. Ndiyo maana miliwati 1, nguvu ambayo kiganja hakiwezi hata kuhisi joto lake, imestahili kuwekewa mpaka. Daraja la 2 linaishia hapo: miliwati 1 ya mwanga unaoonekana, kwa hesabu kwamba mtu atapepesa au atageuza uso ndani ya robo sekunde. Kwa mwanga unaoonekana Daraja la 3R linafika miliwati 5. Daraja la 3B linafika 500. Kupita hapo ni Daraja la 4, ambapo hata mwanga uliodunda kutoka kwenye ukuta usiong'aa unaweza kuharibu jicho, na mwale wenyewe unachoma ngozi na kuwasha moto.

Hesabu ya kupepesa ina sharti lake: mtu auone mwanga. Infraredi, mwanga ulio nje ya nyekundu, haionekani. Kuanzia kwenye nanomita 700 hivi hadi 1,400, mwanga huo unapita konea na lenzi na kukusanywa kwenye retina sawasawa na ule unaoonekana, na jicho halishtuki. Retina haina mishipa ya maumivu. Mtu anaungua kimya, kisha anagundua baadaye kwamba kuna doa katikati ya kila anachokitazama, na doa hilo haliondoki kwa kufikicha macho. Majarida ya tiba ya macho yameeleza watoto waliopoteza uoni wa katikati kwa kuchezea kalamu za leza, vile vimulikaji vyembamba vya kuonyeshea, wengine kwa kujimulika wenyewe kupitia kioo.

Katika maabara kuna bango la utani ambalo kila anayefanya kazi na leza amelikuta mahali: usitazame mwale kwa jicho lako lililobaki. Si lenu, hamkuliidhinisha, halina namba ya kiwango. Lakini naliona ni bora kuliko maonyo yenu mengi rasmi, kwa sababu anayelisoma anaelewa papo hapo kinachopotea. Lenu linasema "epuka mionzi". Mionzi ipi? Ikinipata itanifanya nini? Nikiwa nimeshaipata niende wapi?

Niwe muungwana: lugha yenu ina historia. Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipofanikiwa na fimbo ya rubi huko California. Marekani ilitunga sheria yake ya mionzi ya vifaa vya kielektroniki mwaka 1968, na kanuni za bidhaa za leza zikaanza kazi mwaka 1976. Wakati huo aliyekuwa akisoma lebo ya leza alikuwa mwanafizikia au mhandisi. Alijua nanomita ni nini, alijua daraja ni nini, na jirani yake alikuwepo mwenzake wa kumuuliza. Leo msomaji ni mtoto aliyenunuliwa kalamu ya kuchezea paka. Lebo imebaki vile vile, yenye jua dogo ndani ya pembetatu.

Na hizo kalamu ndizo hasa zilizonifanya niandike.

Kalamu ya leza ya kijani, ya aina iliyozoeleka, haizalishi kijani moja kwa moja. Ndani yake kuna diodi ya nanomita 808, ambayo inachochea fuwele inayotoa nanomita 1,064, kisha fuwele ya pili inaukata urefu huo wa wimbi nusu na kupata 532, ambayo ndiyo kijani mnachokiona. Hizo mbili za mwanzo ni infraredi. Kalamu iliyotengenezwa kwa uangalifu ina kichujio mbele kinachozuia masalia yake. Kichujio hicho ni kipande kidogo cha kioo, na mtengenezaji anayebana gharama hukiacha, kwa sababu mteja hataona tofauti. Kwa kweli hawezi kuiona. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, walieleza kalamu ya kijani iliyotoa mwanga hafifu huku infraredi yake ikiwa nyingi kuliko kijani chenyewe. Hebu mfikirieni mwenye kalamu kama hiyo. Akiona kijani kimefifia atadhani betri inakwisha, ataisogeza karibu na uso achungulie.

Mwaka 2013 taasisi hiyo hiyo ilitangaza matokeo ya kupima kalamu 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na kama asilimia 44 ya zile nyekundu hazikutimiza kanuni za Marekani, ambako kikomo cha kalamu ni miliwati 5. Iliyokuwa kali kuliko zote ilipita kikomo hicho zaidi ya mara 10. Kwa nchi kama Australia, ambayo tangu mwaka 2008 inazuia kuingizwa kalamu zinazozidi miliwati 1 bila kibali, pengo lingekuwa kubwa zaidi.

Kila mara ninapokutana na kalamu ya namna hii mezani, ina lebo. Tena ni lebo nzuri. Pembetatu ya manjano ipo, daraja lipo, "chini ya miliwati 5" ipo. Wanaochapisha stika hizo wameshaelewa kwamba mkaguzi anatafuta stika, kwa hiyo wanampa stika. Printa isiyoweza kumdhuru mtu inasema ukweli kwa herufi kubwa, na kalamu inayoweza kupofusha inasema uongo kwa herufi ndogo, na lebo zote mbili zinafanana. Mtu wa kawaida atazitofautisha kwa lipi? Ninyi wenyewe mlimfundisha kuzipuuza zote.

Halafu hizo herufi ndogo. Kiwango chenu kinadai lebo iwekwe mahali inapoweza kusomwa bila msomaji kujiweka kwenye mionzi. Kanuni nzuri kabisa. Kwenye kalamu yenye unene wa kidole, maandishi huwa karibu na tundu la mwale, madogo kiasi kwamba ni lazima uisogeze mpaka karibu na pua, kidole kikiwa juu ya kitufe. Mnaruhusu pia kwamba kifaa kikiwa kidogo mno, onyo liwekwe kwenye kifungashio au kwenye karatasi ya maelezo. Kifungashio hicho hutupwa siku ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo lebo ya kalamu, hata ikiwa ya kweli, mara nyingi hailitaji kabisa. Inamwonya aliyeishika alinde macho yake. Anayeumia sana sana ni mwingine, aliye mbali, ambaye hawezi kuisoma: rubani. Mwale unaotanuka kwa pembe ndogo ya miliradiani 1 una upana wa mita 1 hivi ukifika umbali wa kilomita 1. Ukigonga kioo cha mbele cha ndege usiku hutawanyika na kukijaza chumba cha marubani mwanga, na rubani aliyezoeza macho yake giza anakosa kuona vipimo au njia ya kutua kwa sekunde ambazo hana za kupoteza. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipokea taarifa 13,304 za ndege kumulikwa leza katika mwaka 2023 peke yake. Huko kumulika ndege kwa makusudi kunaweza kumfunga mtu miaka mitano, na Uingereza ilipitisha sheria yake ya kumulika vyombo vya usafiri mwaka 2018, nayo ikaweka kifungo cha hadi miaka mitano. Mnakijua kifungo, mnaijua hatari, lakini maneno matatu, "usimulike ndege kamwe", sijayakuta kwenye kalamu nyingi zilizopita mkononi mwangu. Nafasi yao imechukuliwa na urefu wa wimbi.

Sipingi urefu wa wimbi kuandikwa. Mimi ni fundi, nauhitaji. Miwani ya kinga huchaguliwa kwa namba hiyo. Miwani inayozuia nanomita 532 kwa kiwango cha kupunguza mwanga mara 10,000 inaweza kuipitisha 1,064 kama kioo cha dirisha. Ndiyo maana nakasirika ninapokuta lebo iliyoandika "nanomita 400 hadi 700", yaani mwanga wote anaouona binadamu, kwenye kifaa cha rangi moja. Hiyo ni kujaza fomu. Na nakasirika mara mbili ninapokuta mashine ya kuchonga kwa leza iliyofungashwa pamoja na miwani ya plastiki ya rangi isiyo na namba yoyote, wala ya urefu wa wimbi, wala ya kiasi cha kuzuia. Mtu anaivaa, anajiona amekingwa, anainama kuchungulia kazi yake. Afadhali asingekuwa nayo, pengine angeogopa.

Upande wa mashine kubwa nisipite haraka, kwa sababu ndiko mambo yanakoelekea. Leza za kuchomelea na kusafisha kutu zinazoshikwa kwa mkono sasa zinauzwa kwa mtu yeyote mwenye karakana. Nyingi zina wati 1,000 hadi 2,000. Si miliwati. Mwale wake uko kwenye nanomita 1,070 hadi 1,080, hauonekani, kwa hiyo mtengenezaji ameongeza kamwale kekundu ka kuelekezea. Nini kinatokea? Mtumiaji anadhani kale kekundu ndiko leza. Kakizimika, anaamini hatari imezimika. Kakidunda kwenye bati, anafikiri kilichodunda ni hako tu. Lebo ya Daraja la 4 ipo ubavuni mwa mashine, pana, imechapwa vizuri, na inasema uepuke mwale wa moja kwa moja na uliotawanyika. Haisemi kwamba nukta nyekundu ni ya kuelekezea tu. Haimwambii kwamba aliyesimama mlangoni bila miwani yumo hatarini sawa na yeye.

Hata hivyo, kwenye mashine hizi sitaki hasa lebo bora, nataka swichi. Kanuni zenu zinadai vifaa vya Daraja la 3B na 4 viwe na ufunguo wa kuwashia, taa ya kuonyesha kwamba mwale unatoka au uko tayari, na pahali pa kuunganisha swichi ya mlango ili mlango ukifunguliwa mwale ukatike. 3B zenye nguvu ndogo mmezilegezea baadhi ya hayo. Hayo ndiyo yanayookoa macho. Kila mhandisi wa usalama anafundishwa mpangilio huo: kwanza ondoa hatari, ukishindwa izingire, ukishindwa kabisa ndipo uandike onyo. Printa inaufuata mpangilio huo vizuri sana, imeizingira leza yake hata mwenye nyumba asijue ipo. Mashine za kuchonga zilizo wazi, zisizo na kasha, zimeruka hatua mbili za mwanzo zikaanzia kwenye stika. Nyingine zina ufunguo ambao hautoki ukishawekwa, au pahali pa swichi ya mlango pamezibwa kwa kipande cha waya tangu kiwandani. Mkaguzi akiangalia karatasi, vyote vipo.

Wakati huo huo kuna onyo ambalo linaonekana la kijinga kumbe ni la kweli, na limezama katika bahari ya yale ya kijinga. Kuna Daraja la 1M. Lebo yake inasema usitazame mwale kwa vifaa vya kukuza. Mtu akisoma anacheka: nani atachukua darubini akatazame leza? Mafundi wa faiba, nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, wanatazama. Kazi yao ni kukagua ncha ya faiba kwa hadubini ndogo ya mkononi kuona kama ina vumbi, na faiba hiyo inabeba mwanga wa nanomita 1,310 au 1,550 usioonekana. Kwa jicho tupu mwanga unaotoka kwenye ncha hutanuka haraka na hauna neno. Kwa hadubini unakusanywa na kuingizwa jichoni. Onyo hilo ni sahihi neno kwa neno, lina msomaji wake, na msomaji huyo ameshazoea kuruka kila kitu chenye pembetatu kwa sababu maisha yake yote pembetatu hizo zilimwambia kuhusu vipanya na printa.

Basi naomba nini? Kwanza, lebo ya Daraja la 1 iondoke kwenye uso wa bidhaa iende kwenye mwongozo, mahali ambapo mnairuhusu tayari, na stika ya ndani ikuzwe, iandikwe kwa lugha ambayo mafundi wa soko husika wanaisoma. Yule anayefungua ndiye aambiwe. Najua wenye viwanda mtasema bidhaa moja inauzwa nchi nyingi na haiwezi kubeba kila lugha. Sawa. Mchoro wa kifuniko kilichofunguliwa na mwale unaoingia jichoni hauhitaji lugha, na mna wachoraji.

Kwenye kalamu, wekeni jambo moja mbele: isielekezwe usoni wala kwenye chombo cha usafiri, angani au barabarani. Namba za nanomita na miliwati zifuate chini kwa ajili yetu tunaozihitaji, na ziwe namba za kifaa hicho, zilizopimwa, pamoja na jina la aliyezipima. Kwa vitu vya kuchezea watoto sioni haja ya lebo kabisa. Kama si Daraja la 1 kisiuzwe kama kitu cha kuchezea. Hapo Marekani kupitia FDA, mamlaka yake ya chakula na dawa inayosimamia pia bidhaa za leza, ilishatoa mwongozo unaosema hivyo mwaka 2014, na Ulaya nayo ina masharti yake, hivyo hamhitaji kubuni jambo jipya.

Na kwa maofisa wa ukaguzi, ninyi ndio nilitaka kuwafikia zaidi, mnisamehe kwa kuwafikia mwishoni. Kifaa cha kupima nguvu ya mwale si cha ajabu. Kipo kwenye karakana ndogo kama yangu. Kuweka kalamu mbele yake ni kazi ya dakika, na kwa ile ya kijani ongezeni kichujio kinachozuia kijani na kupitisha infraredi ili muone kinachobaki. Kontena moja likipita, chukueni kalamu chache bila kuchagua, pimeni, andikeni namba, na namba hizo zitangazwe pamoja na jina la mwagizaji. Waagizaji watabadilika haraka kuliko mnavyodhani. Sasa hivi wanachojua ni kwamba mtasoma stika, nao stika wanazo.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi kwa swali hili: katika kalamu zilizoruhusiwa kuingia chini ya usimamizi wenu mwaka uliopita, ni ngapi zilipimwa nguvu ya mwale, na kati ya hizo ni ngapi zililingana na lebo yake?

Wenu katika kazi,
Fundi wa printa, skana na mashine za leza